Mwenye fungu dogo si mwizi wako

Juzi usiku niliitwa panya na mtu ambaye simjui, hanijui, na huenda hatuishi hata bara moja. Kosa langu? Nilikaa kwenye meza ya poka ya mtandaoni nikiwa na dola 2 wakati yeye ana dola 10. Nikapata jozi ya K, nikasukuma zote mezani, akanifuata, nikashinda. Basi. Aliyoyaandika baada ya hapo kwenye kisanduku cha maongezi sitayarudia hapa, maana mama yangu huwa anapitia ukurasa huu.

Ningenyamaza. Lakini kesho yake kazini nikamsimulia kaka mmoja wa dawati la michezo, ambaye naye ni mchezaji mzuri tu. Nilitegemea pole. Akaweka kikombe cha chai chini, akaniangalia, akasema: "Dogo, huyo jamaa kakuonea huruma. Nyie watu wa mafungu madogo si panya. Ni wezi."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipoamua kuandika. Maana neno hili "wezi" nimelisikia mno, na kila ninapolisikia naona watu wamemshika mtu asiyehusika huku anayewaibia kweli ameketi pembeni anahesabu.

Kwa wale wasiocheza, nieleze kwa kifupi. Mchezo ni Texas Hold'em usio na kikomo cha dau. Kila mgawo, wachezaji wawili wanalazimika kuweka pesa kabla ya kuona kitu. Pesa hizo zinaitwa blaindi, ndogo na kubwa. Kwenye meza ninayoizungumzia, ndogo ni senti 5 na kubwa ni senti 10. Ukubwa wa fungu la mtu hupimwa kwa hizo blaindi kubwa: mwenye dola 10 ana blaindi 100, na hilo ndilo linahesabiwa kuwa fungu kamili. Mwenye dola 2 ana blaindi 20. Huyo ndiye panya.

Mbinu ya panya ni rahisi, na ndiyo sababu inachukiwa. Unasubiri karata nzuri. Ukizipata, unapandisha. Mwingine akiwa ameshapandisha kabla yako, unasukuma zote. Fungu likiwa dogo hivyo, maamuzi magumu yanayokuja karata za mezani zikishafunuliwa yanabaki machache mno, kwa kuwa pesa yako yote imeshaingia. Si siri ya mtu. Mmarekani Ed Miller aliiandika wazi kwenye kitabu chake cha wanaoanza, *Getting Started in Hold'em*, mwaka 2005, akiwashauri wageni waanze na fungu dogo ili makosa yao yawe machache na ya bei nafuu. Ushauri wa busara kabisa. Mtoto hafundishwi kuogelea kwenye mkondo wa Nungwi.

Sasa tuje kwenye mashtaka.

Shtaka la kwanza: mwenye fungu dogo ni mwoga, hataki kuhatarisha pesa. Hivi jamani, mwoga ni yupi? Mimi kila ninapoingia kwenye mgawo naweka nilicho nacho chote. Wewe mwenye dola 10 ukigongana na mimi, ukishindwa unabaki na dola 8 na kiti chako. Mimi nikishindwa naondoka, au natoa nyingine mfukoni. Na kumbuka kanuni ya msingi ya mchezo huu: kati ya watu wawili, dau haliwezi kuzidi fungu la mdogo. Ukikutana na mimi, wewe pia una dola 2. Zile 8 nyingine hazina kazi, ni mapambo. Ninaweza kukuibia nini kisichozidi dola 2?

Shtaka la pili lina uzito zaidi, nalo nitalitendea haki. Wanasema fungu dogo linaharibu mchezo wa wengine. Kweli, linaharibu. Tuchukue mfano. Una jozi ndogo, tuseme ya 4. Kwa mtu mwenye fungu kubwa, jozi hiyo ni kama tiketi: unalipa kidogo kuona karata tatu za mwanzo za mezani, ikitua 4 nyingine unamkamua. Lakini inatua mara moja tu katika kila mara 8 na nusu hivi. Kwa kila unapopata, unakosa mara 7 na nusu. Sasa mimi nimepandisha hadi senti 30 nikiwa na dola 2. Ukinifuata kwa senti 30, kila unachoweza kushinda ni senti 45 zilizopo mezani pamoja na senti 170 zilizobaki kwangu. Jumla senti 215, yaani mara 7 na kidogo ya ulicholipa. Haifiki hata 7 na nusu, na hapo tumejidanganya kwamba nitakulipa zote kila mara. Ningekuwa na dola 10, ungekuwa unakimbilia mara 33 na zaidi ya ulicholipa. Ndiyo maana unakasirika. Tiketi yako imekuwa karatasi.

Lakini huko si kuibiwa. Ni kukuta bei imebadilika. Mwenye duka akiona wateja wa leo wananunua sukari ya kupima kwa robo, hawatukani. Anafungua mfuko na kupima. Jozi ya 4 dhidi ya fungu dogo hutupwa. Jozi ya 8 thamani yake inapanda, kwa kuwa dhidi ya Ree na K inashinda mara 55 katika 100, na kwa fungu dogo hilo linatosha. Anayeshindwa kubadilika halafu akaita mwenzake mwizi, anakiri kwamba anajua kucheza mchezo mmoja tu.

Kaka wa dawati la michezo aliposikia hayo alitabasamu, kisha akanipiga swali ambalo nakiri lilinikwamisha: "Kama si wizi, mbona nikipandisha wewe unasukuma, na nikitupa unabeba pesa yangu bure?"

Tukachukua daftari la mahojiano, tukageuza ukurasa, tukaanza hesabu. Naomba mvumilie, maana hoja yangu yote iko humu.

Yeye kapandisha hadi senti 30. Mezani kuna hizo 30 na blaindi mbili, jumla senti 45. Mimi niliye nyuma yake nasukuma senti 200. Wenye blaindi wametupa. Tuseme yeye anatupa nusu ya mara zote. Hapo nabeba 45. Nusu nyingine ananifuata, na tuseme karata zangu zinashinda mara 40 katika 100, kwa sababu anaponifuata kwa kawaida ana kitu kizuri. Mezani panakuwa na senti 415. Fungu langu katika hizo ni 166, nami niliweka 200, kwa hiyo nimepoteza 34. Changanya nusu kwa nusu: napata 22 na nusu, napoteza 17. Faida yangu kwa kila msukumo ni senti 5 na nusu.

"Ona!" akasema. "Mwizi!"

Nikamwambia, kaka, hatujamaliza. Kuna mtu wa tatu mezani.

Mtu huyo hana karata. Hana blaindi. Hatupi, hafuati, hasukumi. Ni mwenye meza, yaani tovuti yenyewe, na kila karata za mezani zinapofunuliwa anachukua ushuru wake kutoka kwenye pesa iliyopo. Kwenye meza za senti kwa kawaida ni kati ya asilimia 3 na 5. Tuchukue 5. Asilimia 5 ya senti 415 ni karibu senti 21. Turudie hesabu: ninapofuatwa, fungu langu si 166 tena, ni karibu 158. Sipotezi 34, napoteza 42. Changanya tena nusu kwa nusu. Faida yangu, ile iliyonipa jina la mwizi, inashuka kutoka senti 5 na nusu hadi senti 1 na robo hivi.

Na mwenye meza? Yeye anapata zile senti 21 kila ninapofuatwa, yaani kwa wastani senti 10 kwa kila msukumo. Mimi moja na robo, yeye kumi. Karibu mara 8 yangu. Nami ndiye panya!

Tukakaa kimya kidogo. Kisha nikamwonyesha kitu cha pili, nacho ndicho kilimfanya avute daftari upande wake. Nikamwambia turudie hesabu ileile, ila safari hii asipandishe hadi senti 30, apandishe hadi 20 tu. Mezani panakuwa na senti 35 badala ya 45. Mengine yote yabaki kama yalivyo. Akitupa nabeba 35, nusu yake ni 17 na nusu. Nikifuatwa napoteza 42, nusu yake ni 21. Msukumo uleule sasa unanitia hasara ya senti 3 na nusu. Senti 10 tu alizozipunguza kwenye dau lake zimenitoa kwenye faida na kunitupa kwenye hasara. Dawa ya panya alikuwa nayo mkononi muda wote. Badala ya kuitumia, alikuwa anatukana.

Shtaka la tatu ndilo ninalolikubali, na sitaki nieleweke vibaya. Wapo wanaokaa na blaindi 20, wakishinda na kufikisha 40 wanainuka, wanarudi mezani na 20 zilezile. Huko ni kula na kukimbia. Kwenye meza ya ana kwa ana hukubaliwi. Ukishinda pesa, inabaki mezani hadi unapoondoka. Ndiyo maana tovuti nyingi ziliweka muda ambao mtu akirudi kwenye meza ileile ndani yake, lazima arudi na alichoondoka nacho. Sheria nzuri. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hiyo ni tabia ya mtu kukimbia, si ukubwa wa fungu lake. Usiwachanganye.

Sasa tuangalie yaliyotokea huko nyuma, maana ugomvi huu si mpya. Miaka ya baada ya 2003, mhasibu Chris Moneymaker aliposhinda ubingwa wa dunia wa poka na dola milioni 2 na nusu baada ya kuanzia kwenye mashindano madogo ya mtandaoni, watu walimiminika. Ndani ya miaka michache wakatokea vijana waliokuwa wakifungua meza zaidi ya kumi kwa wakati mmoja, zote kwa blaindi 20, wakisukuma kama mashine. Wenye mafungu makubwa wakapiga kelele. Mwaka 2010 PokerStars ikagawa meza zake: nyingine za blaindi 20 hadi 50, nyingine 40 hadi 100, na nyingine za mafungu makubwa zaidi. Wenye mafungu makubwa wakashangilia.

Walishinda nini hasa? Wenye fungu dogo walihamishiwa kwenye meza zao. Ushuru haukuhamishwa kwenda popote. Uliendelea kukatwa huku na huku.

Na hao vijana wa meza kumi, wengi wao hawakuwa wanaishi kwa kushinda. Waliishi kwa marejesho. Full Tilt, kwa mfano, iliwarudishia wachezaji wengi asilimia 27 ya ushuru waliolipa. Yaani mtu anacheza usiku kucha, mezani anatoka sare au na hasara ndogo, halafu mwenye meza anamrudishia robo ya alichomkata, naye anaita hiyo mshahara. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ikazifungia tovuti kubwa zilizokuwa zikihudumia Wamarekani, Full Tilt ikiwemo, na ikaja kubainika kwamba Full Tilt haikuwa na pesa ya kutosha kuwalipa wachezaji salio lao. Mwishoni mwa 2015 PokerStars nayo ikatangaza kukata marejesho ya wachezaji wake wa juu kabisa, wakagoma kwa siku kadhaa, haikusaidia. Ukila kwa mkono wa mwenye meza, siku akiukunja unalala na njaa. Fungu lako liwe dogo, liwe kubwa.

Kuna jambo moja zaidi linaloniuma kama mtu wa senti. Ushuru huu una kikomo. Hebu tuchukue mgongano uleule wa blaindi 20, lakini kwenye meza ya wakubwa ambayo blaindi ni dola 10. Mezani pana dola 415. Kikomo kikiwa dola 3, wanakatwa dola 3, ambayo haifiki hata asilimia 1. Sisi wa senti kikomo hatukifikii kamwe, kwa hiyo tunakatwa asilimia kamili kila mara. Mwenye nacho anakatwa asilimia ndogo, mwenye vijisenti anakatwa kubwa. Mambo haya tunayajua sana huku kwetu, na kila siku tunayaandika magazetini yakihusu kodi na machinga. Ajabu tukiingia kwenye poka macho yanafumba, tunaanza kurushiana maneno machinga kwa machinga.

Mtaniuliza, mbona na wewe unacheza? Swali zuri. Nitajibu kwa daftari langu mwenyewe. Nina programu inayohesabu kila mgawo. Katika migawo elfu 10 ya mwisho, karibu yote kwa fungu dogo, nimepata faida ya dola 6. Ushuru niliolipa katika migawo hiyohiyo ni dola 47. Na hizo dola 6 zenyewe siwezi kujigamba nazo, kwa sababu migawo elfu 10 ni michache mno. Bahati tu inaweza kumpa mtu dola 6 au kumnyang'anya 60. Nilipoiona ile 47 ndipo nilipoacha kujiona mjanja. Kwa mwandishi anayelipwa kwa habari, dola 47 si pesa ya kuangusha njiani.

Kwa hiyo hapa naachana pia na wale wanaouza mbinu hii kama ajira. Mnawaona. "Kaa na blaindi 20, sukuma kwa orodha hii ya karata, kula maisha." Kijana anayemaliza chuo, hana kazi, anasoma hayo saa nane za usiku na anaamini. Ndugu yangu, hesabu imekuonyesha. Mbinu ni sahihi, orodha ni sahihi, na faida yake kwenye meza ya senti imeshaliwa kabla haijakufikia. Fungu dogo ni darasa la kuanzia: linakufundisha kusubiri, kupima nafasi, kukubali kushindwa bila kupiga meza ngumi. Ukishajifunza hayo, ongeza fungu taratibu ujifunze kilichobaki, maana anayesukuma tu maisha yote hatajua kamwe la kufanya karata za mezani zikishafunuliwa. Wala usiingize pesa ya kodi ya nyumba. Nami sikukaa na dola 2 kwa sababu sina 10. Nilikaa nazo kwa sababu ninapofanya kosa, na ninafanya mengi, nataka lilingane na uwezo wangu.

Na wewe mwenye fungu kubwa, kabla hujaandika neno panya fanya mambo matatu. Punguza dau lako la kwanza. Tupa zile tiketi zako za jozi ndogo nikiwa mimi ndiye niliyepandisha. Halafu ufungue ukurasa wa ushuru wa tovuti unayochezea, ule ambao watu wachache huusoma, uulinganishe na wa tovuti nyingine. Kama una matusi yamebaki baada ya hapo, unajua pa kuyapeleka.

Kaka wa dawati la michezo hajaniomba radhi, wala sitegemei. Lakini jana usiku tulikutana meza moja. Akapandisha hadi senti 20. Nikaangalia karata zangu, Ree na 9, ambazo wiki iliyopita ningesukuma bila kufikiri. Nikazitupa. Akaandika kwenye kisanduku: "Vipi, panya, hakuna njaa leo?"

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye hesabu tofauti na hii ailete tuione.